Kompyuta ya sebuleni inanguruma, filamu inakwama: kutafuta chanzo dalili kwa dalili

Malalamiko kuhusu kompyuta za sebuleni yanafanana sana. Mtu amenunua kompyuta ndogo ya ofisini ya mtumba, Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini au Lenovo ThinkCentre Tiny, ameificha nyuma ya TV, ameweka Kodi (programu ya kuchezea filamu) au Jellyfin (programu ya seva, inayozipeleka filamu kwenye TV na simu), na ameichomekea diski moja au mbili zilizojaa filamu. Mwanzoni mambo ni shwari. Baadaye feni inaanza kunguruma pale waigizaji wanaponong'ona, au picha inaganda, au diski inapotea. Hapo wengi hukimbilia kununua feni mpya.

Subiri kwanza. Kelele inatokana na joto, na joto linatokana na kazi ambayo prosesa inafanya. Ukiijua kazi hiyo, matatizo mengi yaliyoandikwa hapa utayamaliza bila kununua kitu. Ndiyo maana katika kila dalili nimetanguliza chanzo kinachotokea zaidi, na jambo la kuangaliwa bila kufungua chochote limekuja kabla ya lile linalohitaji bisibisi.

Onyo kabla ya kufungua kasha

Pawa saplai ya ndani, lile boksi la chuma linaloingia waya wa umeme, usiifungue nyumbani. Kapasita yake kubwa hushika takriban volti 325 kwenye umeme wa volti 230, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Ikisumbua, badilisha nzima au mpelekee fundi wa elektroniki. Kompyuta ndogo nilizozitaja zinatumia adapta ya nje kama ya laptopu, kwa hiyo hatari hii haimo ndani ya kasha, na hiyo ni sababu nzuri ya kuzichagua.

Kwa kazi nyingine zote za ndani: zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie kama sekunde 10, kisha gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa ubao.

"Feni inanguruma filamu ikianza, inatulia nikiisimamisha"

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote, na mara nyingi feni haina kosa lolote.

*Seva inaigeuza video.* Hiki ndicho chanzo cha kwanza. Kifaa unachotazamia kikishindwa kusoma aina ya video, sauti au manukuu yaliyomo kwenye faili, seva huifungua video hiyo na kuifunga upya kwa aina nyingine huku unatazama. Hakuna kazi nzito kuliko hiyo katika nyumba yako yote ya kidijitali. Filamu ya 4K ikigeuzwa na prosesa peke yake, kori zake zote zitafanya kazi mpaka mwisho, joto litapanda, na feni itafanya wajibu wake.

Kuthibitisha ni rahisi. Filamu ikiwa inaendelea, fungua dashibodi ya Jellyfin kwenye simu. Utaona jina la anayetazama, na chini yake kama faili linachezwa moja kwa moja au linageuzwa, pamoja na sababu ya kugeuzwa. Isome hiyo sababu, kwa kuwa ndiyo inayokupa dawa:

Ikiwa sababu ni kiwango cha kasi ya video (bitrate), nenda kwenye mipangilio ya programu ya kutazamia na uweke ubora wa juu kabisa kwa mtandao wa nyumbani. Programu nyingi huja na kikomo cha chini kilichokusudiwa watu wanaotazama kwa bando, na watu hukaa nacho bila kujua.

Ikiwa sababu ni manukuu, basi huenda ni yale ya PGS yaliyotoka kwenye diski za Blu-ray. Hayo ni picha, si maandishi, na kifaa kisichoweza kuyaonyesha huilazimisha seva kuyachoma ndani ya video nzima. Tafuta manukuu ya SRT, ambayo ni maandishi, ya filamu ileile, au yazime uone kama feni itatulia.

Ikiwa sababu ni sauti, chunguza DTS, aina mojawapo ya sauti za filamu. TV za Samsung ziliacha kuisoma DTS kuanzia matoleo ya 2018. Kugeuza sauti peke yake ni kazi nyepesi, kwa hiyo hii haitakuletea kelele kubwa, ila usishangae kuiona.

Ikiwa unatazama kwa kivinjari, acha. Kivinjari mara nyingi hukataa video za HEVC (aina ya video inayotumika sana kwa 4K) ambazo programu yenyewe ya Jellyfin kwenye TV, au Kodi, ingezicheza bila taabu.

*Chipu ya picha haitumiki.* Prosesa nyingi za Intel zina sehemu maalumu ya kufungua na kufunga video, iitwayo Quick Sync, inayofanya kazi hiyo kwa umeme kidogo na joto kidogo. Lakini Jellyfin haiitumii mpaka uiwashe kwenye mipangilio ya uchezaji. Kwenye Linux, mtumiaji wa mfumo anayeitwa jellyfin lazima awe pia kwenye kundi la render, la sivyo hataruhusiwa kuigusa /dev/dri/renderD128, ambayo ni njia ya kuifikia chipu hiyo, na video itarudi kwa prosesa kimyakimya. Kwenye Plex, programu nyingine ya seva, huduma hii iko nyuma ya malipo ya Plex Pass. Kwenye Jellyfin ni ya bure.

*Prosesa ni ya zamani mno kwa faili hilo.* Angalia namba baada ya i3, i5 au i7. Tarakimu ya mwanzo kwenye namba kama 4570 au 7500 ni kizazi (namba ikiwa na tarakimu tano, ni mbili za mwanzo). Kizazi cha 4 hakina nyenzo kamili ya kufungua HEVC. Kizazi cha 6, cha mwaka 2015, kinafungua HEVC ya biti 8. Kizazi cha 7 kinafungua hata ile ya biti 10, ambayo ndiyo filamu karibu zote za 4K zenye HDR (rangi na mwanga mpana zaidi). AV1, aina mpya zaidi ya video, ilikuja na kizazi cha 11. Kwa hiyo mtu mwenye i5-4570 anayelia na filamu ya 4K hana tatizo la feni wala la pesti ya kupozea prosesa. Ana mashine iliyozaliwa kabla ya faili. Aweke nakala za 1080p za H.264, aina ya video ya zamani zaidi, nazo atazitazama kwa utulivu kabisa, au ahamie kizazi cha 7.

Ukienda dukani kwa mtumba, tafuta pia herufi T mwishoni, kama i5-7500T. Hiyo imepangiwa wati 35, ilhali i5-7500 isiyo na T imepangiwa 65. Kwa kompyuta ya sebuleni tofauti hiyo utaisikia kwa masikio yako. Prosesa ya Intel N100 ya mwaka 2023 imepangiwa wati 6 tu, inafungua mpaka AV1, na zipo mashine zake zisizo na feni kabisa.

*Hewa haipiti.* Ukishahakikisha video haigeuzwi na feni bado inanguruma, tazama mashine ilipo. Kabati la TV lenye mlango wa kioo, kompyuta iliyobanwa kati ya king'amuzi na ruta, kitambaa cha kufuma kilichotandikwa juu yake: kila kimoja kinatosha kupandisha joto. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari chumba chenyewe kinaweza kuwa na nyuzi 32, na feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la hewa inayoivuta. Acha angalau upana wa kiganja kila upande wenye matundu, na nyuma ya kabati toboa tundu la hewa, siyo la waya peke yake.

"Inanguruma muda wote, hata kama hakuna anayetazama"

Kwanza angalia kama kweli haina kazi. Ukiongeza folda kubwa la filamu, Jellyfin huanza kulikagua, kutafuta mabango, na ukiwa umewasha vijipicha vya kusogezea filamu, huchambua kila faili mwanzo hadi mwisho. Kwa mkusanyiko mkubwa hilo linaweza kuchukua siku kadhaa. Sehemu ya kazi zilizopangwa kwenye dashibodi itakuonyesha kinachoendelea. Ihamishie saa 8 usiku, au zima vijipicha kama huvihitaji.

Kisha pima joto. Kwenye Linux sakinisha lm-sensors na uandike `sensors`. Kwenye Windows tumia HWiNFO. Mashine iliyotulia katika chumba chenye nyuzi 30 ikiwa kati ya 40 na 50, haina neno. Ikizidi 60 bila kufanya kazi, kuna kitu kimeziba. Ikipita 85 na kukaa hapo wakati wa filamu ya kawaida, usiendelee kuitumia hivyo. Karibu na 100 prosesa itajipunguza kasi yenyewe, na picha itaanza kukwama.

Kinachoziba ni vumbi. Mashine za mtumba huja na vumbi la ofisi ilikotoka na huongeza la kwetu. Fungua kasha, zuia feni kwa kidole au kijiti isizunguke, kisha puliza kwa kipulizio cha mkono na usugue kwa brashi laini. Feni ikiachwa izunguke kwa upepo inaweza kuharibu beringi zake, na hata kurudisha umeme kwenye ubao. Naomba sana usiipeleke mashine ikapulizwe kwa kompresa ya gereji. Ile hewa ina maji na mafuta ndani yake, na nguvu yake hung'oa vipande vidogo kwenye ubao. Kwa nyumba za karibu na bahari, unyevu wa chumvi hugandisha vumbi likawa kama tope kavu, kwa hiyo safisha mara mbili kwa mwaka badala ya moja.

Joto likiwa la juu bado baada ya kusafisha, pesti iliyo kati ya prosesa na bamba la kupozea huenda imekauka. Hilo ni la kawaida kwa mashine iliyotumika miaka mitano au zaidi. Legeza skrubu za bamba kidogo kidogo kwa mpishano, futa pesti ya zamani kwa kitambaa kisicho na nyuzi na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, weka tone dogo jipya katikati, na kaza tena kwa mpishano. Bamba likigoma kutoka, usilivute kwa nguvu. Washa mashine dakika chache ipate moto, zima, chomoa, kisha lizungushe taratibu. Likiendelea kugoma, hapo ni kazi ya fundi, maana prosesa inaweza kung'oka pamoja nalo.

Kwenye HP zingatia jambo moja zaidi: ndani ya BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) kuna kipengele cha kuongeza kasi ya feni mashine ikiwa imetulia. Wengine walikiongeza huko ofisini. Kirudishe kuwa 0.

Ikiwa sauti yenyewe ni ya kukwaruza au kuguguna, na hubadilika ukiigeuza mashine upande, beringi ya feni imekwisha. Hapa ndipo feni mpya inahitajika. Kompyuta nyingi za ofisini zina soketi za feni zisizo za kawaida, kwa hiyo beba ile ya zamani dukani na ulinganishe plagi na mpangilio wa nyaya. Usiikatize feni kwa kuipunguzia umeme ili inyamaze. Utapata kimya cha wiki chache na mashine inayojizima.

"Kuna mvumo wa chini chini unaosikika mpaka kwenye meza"

Huo ni wa diski kubwa za inchi 3.5, wala hautoki kwenye feni. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hutikisika mara 120 kwa sekunde, na ile ya 5,400 mara 90. Kabati la mbao lenye uwazi ndani huikuza sauti hiyo kama ngoma. Weka kiganja juu ya kabati: mvumo ukipungua, umekipata chanzo.

Inyanyue diski iwe juu ya kitu laini. Vipande vinne vya kandambili ya mpira vilivyokatwa sawa vinafanya kazi hii vizuri sana. Usiizungushie sponji, maana nayo inahitaji hewa. Diski za ndani ya kasha zikague skrubu. Ile iliyolegea hutetemesha chuma chote.

Lakini dawa ya kudumu ya mvumo ni kuitoa diski sebuleni. Kimya cha kweli hupatikana kwa mashine mbili: ndogo isiyo na diski ya kuzunguka iliyo kwenye TV, na seva yenye diski iliyo stoo au koridoni, zimeunganishwa kwa kebo ya mtandao. Kebo ya Cat5e hufika hadi mita 100, na hakuna nyumba ya kawaida inayozidi hapo. Hata kama leo una mashine moja tu, pitisha kebo mapema, hasa kama unajenga au unapaka rangi.

Wengine huizimisha diski inapokaa bila kazi. Sawa, ila usiweke muda mfupi. Kuwaka na kuzima kila baada ya dakika tano huichosha kuliko kuzunguka mfululizo. Nusu saa inatosha, na kwenye Linux ni `hdparm -S 241`. Ukishafanya hivyo, filamu ya kwanza ya jioni itachelewa sekunde kadhaa kuanza. Hiyo si hitilafu.

"Inagonga: tik, tik, tik"

Mlio wa kugonga unaojirudia kutoka kwenye diski ni dalili ya kuacha kila kitu. Zima mashine sasa hivi. Usiiwashe tena ili "ujaribu mara moja tu", usiifungue diski, na usisikilize ushauri wa kuiweka kwenye friji. Kama ndani kuna picha za familia au kazi ambayo haina nakala, peleka kwa wataalamu wa kuokoa data, na uwaambie umeizima mara tu uliposikia. Kama ni filamu tu, nunua diski nyingine.

Mlio mwembamba kwenye ubao au adapta, unaobadilika kazi inapobadilika, ni koili zinazotetemeka. Unakera lakini hauharibu kitu.

"Filamu inaganda kila baada ya muda"

Nakili faili hilohilo kwenye diski ya mashine iliyo kwenye TV na ulicheze hapo. Likienda vizuri, tatizo ni mtandao au diski ya seva. Likikwama vilevile, rudi kwenye sehemu ya kwanza: ni prosesa.

Mtandao wa waifai wa 2.4 GHz ndio mshukiwa wa kwanza, hasa kwenye magorofa ambako ruta za majirani zimejazana. Hamia 5 GHz kama ruta inaruhusu, au kwenye 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11, ile yenye watu wachache. Jambo ambalo wengi hawalijui: diski ya USB 3.0 na waya wake hutoa usumbufu wa redio karibu na masafa ya 2.4 GHz. Kama umeiweka diski hiyo pembeni mwa ruta au mwa antena ya kompyuta, isogeze mita moja uone.

Kwa waliotandika kebo, angalia kasi iliyounganishwa. Kebo ya gigabiti inahitaji nyaya zote 8 ndani yake. Mbili zikikatika au plagi ikibanwa vibaya, kasi hushuka hadi 100 Mbps bila kukuambia. Blu-ray ya kawaida haizidi 54 Mbps, kwa hiyo itapita. Diski ya 4K inaweza kufika 128, na hiyo haitapita. TV nyingi, hata za bei kubwa, zina tundu la mtandao la 100 Mbps tu, hivyo kwa filamu nzito za 4K waifai ya 5 GHz ya TV hiyohiyo inaweza kushinda kebo yake.

Mtandao ukiwa safi, kagua afya ya diski ya seva kwa amri ya `smartctl -a`. Kwenye safu ya mwisho (RAW_VALUE), mistari namba 5, 197 na 198 iwe sifuri. Namba 197 ikiwa inaongezeka, diski ina sehemu zisizosomeka: hamisha data leo, usingoje mwisho wa mwezi. Namba 199 ikipanda peke yake, badilisha kebo ya SATA kabla ya kuilaumu diski.

"Haigandi, ila mwendo unashtuka kamera ikigeuka taratibu"

Filamu nyingi zina picha 24 kwa sekunde, na TV imewekwa hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde. Picha moja huonyeshwa mara mbili na inayofuata mara tatu, na jicho huona mshtuko huo. Kwenye Kodi, washa kipengele cha kurekebisha hezi za skrini filamu inapoanza na kuisha. Faili nyingi kwa hakika ni 23.976, ukiilazimisha TV kwenye 24 kamili, picha moja itarudiwa kila baada ya sekunde 42 hivi. Vipindi vya televisheni za Ulaya ni 25, navyo vinataka hezi 50.

Kama TV ni ya 4K na kila kitu kinaonekana kizito, hata menyu, angalia tundu. HDMI ya 1.4, iliyo kwenye kompyuta nyingi za ofisini za vizazi hivyo vya zamani, inaishia hezi 30 kwa 4K. Tumia tundu la DisplayPort na adapta hai (active) ya kwenda HDMI 2.0, au iweke mashine kwenye 1080p na uiachie TV ikuze picha. Kwa umbali wa kochi la kawaida, wengi hawataona tofauti.

"Seva haizioni filamu zangu"

Diski ya USB iliyochomekwa kwenye Ubuntu au Mint hujipachika chini ya /media/ na jina lako, mahali ambapo mtumiaji jellyfin hana ruhusa ya kupita. Unaziona faili, seva haizioni. Ipachike mahali pa kudumu kupitia faili la /etc/fstab, kwa mfano /mnt/filamu, ongeza neno `nofail` ili mashine iwake hata diski isipokuwepo, na hakikisha kila folda njiani linaruhusu kusomwa.

Baada ya umeme kukatika ghafla, diski ya NTFS (mpangilio wa faili wa Windows) inaweza kukubali kusomwa tu na kukataa kuandikwa. Ichomeke kwenye kompyuta ya Windows na uiendeshee chkdsk, amri ya kukagua diski. Kwa seva ya Linux inayodumu, mpangilio wa ext4 hustahimili zaidi. Na faili likigoma kunakiliwa likifika GB 4, diski hiyo ina mpangilio wa FAT32. Ifomati upya baada ya kuhamisha vilivyomo.

Diski inayoonekana na kupotea mara kwa mara kwa kawaida imepungukiwa umeme. Usichomeke mbili za inchi 2.5 kwenye habu isiyo na adapta yake.

"Milio ya risasi inapasua masikio, maneno hayasikiki"

Filamu ina chaneli sita na wewe una spika mbili za TV. Maneno yako kwenye chaneli ya katikati, na zinapokunjwa kuwa mbili huzama. Mipangilio ya sauti ya Kodi ina sehemu ya kuiongezea nguvu chaneli ya katikati. Anzia hapo kabla ya kununua saundi ba. Kebo ya optiki hupitisha sauti za Dolby Digital na DTS za kawaida, haipitishi ile ya TrueHD. Kwa TrueHD inahitajika HDMI.

Mvumo wa hezi 50 kwenye spika, usiobadilika ukipunguza sauti ya filamu, ni wa umeme. Chomeka kompyuta, TV na amplifaya kwenye ekstensheni moja. Chomoa waya wa dishi au antena. Mvumo ukikata, umepita huko. Kebo ya optiki haina chuma, kwa hiyo huukata mzunguko huo.

"Inajizima yenyewe" na "napigwa na umeme nikigusa kasha"

Kujizima katikati ya filamu ni joto mpaka ithibitike vingine. Baada ya hapo shuku adapta: ipime kama inachoma mkono au inanuka, na usiibadilishe kwa yenye volti tofauti. Ikijizima umeme unapoyumba, weka UPS ndogo, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Betri yake hudumu miaka 3 hadi 5, pungufu kwenye chumba cha joto. Usiiweke sebuleni kama ina feni. Na kama nyumba hukatiwa umeme mara kwa mara, TV gadi husaidia kwa kuchelewesha umeme unaporudi, wakati ambapo mishtuko ni mikubwa.

Mashine ikisahau tarehe kila umeme ukikatika, badilisha betri ya CR2032 kwenye ubao. Usilipuuze hili: tarehe ikiwa mbaya, seva hushindwa kuunganika na tovuti salama, na mabango ya filamu hayaji.

Muwasho mwepesi wa umeme kwenye kasha, hasa ukiwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji, unatokana na kukosa waya wa ethi. Pawa saplai hupeleka umeme mdogo wa kuchuja kwenye chuma cha kasha, na unapaswa kushuka ardhini. Angalia kama umetumia plagi ya pini mbili au adapta ya kuipita ile ya tatu. Angalia ekstensheni: za bei rahisi zina tundu la tatu lisilounganishwa na chochote. Zijaribu zote kwenye soketi nyingine ya ukutani. Ukiendelea kuusikia kwenye kila soketi, au ukiwa mkali kuliko kuwasha, chomoa vyote na usimruhusu mtoto kugusa hata TV. Hapo mwite fundi umeme mwenye leseni apime ethi ya nyumba na nondo iliyochomekwa ardhini, na usiwashe tena mpaka amalize.